Akirudi, Atasema Nini?

Riziki alinipigia simu wiki chache baada ya kumzika mama yake. Mimi nilikuwa kazini huku Muyinga, kwenye ofisi ya shule ninakofanya ukatibu, nagombana na printa iliyokuwa imeng'ang'ania karatasi za watu, na sikuwa na hamu ya salamu ndefu. Yeye pia hakuwa nayo. "Tantine Mwaju," akasema, ndivyo anavyoniita, shangazi, "we unajua namna Mama alikuwa anapangaka vitu mu mashini?" Nikamjibu kwamba mpangilio wa kompyuta ile hakuna mtu aliyeujua vizuri, lakini kama yuko anayejua kidogo, basi ni mimi. "Bon, njoo Gitega. Mule ndani kuko foto ya papa. Iko moja tu, kwingine hakuna. Mi nimefungua, nimefungua, batu ni bengi sana, na mi sijui sura yake." Hapo niliiacha printa. Baba yake alipoondoka, Riziki alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na sasa alitaka siku ya kuondoa matanga picha za wazazi wake wawili zikae mezani pamoja. Zaidi ya hapo alitaka tu kumwona, hata mara moja. Nyumba yao ya Uvira, huko Kongo, ilishaungua na kila kilichokuwamo, ndugu za baba walitawanywa na vita, na wachuuzi na majirani waliomjua hapa Burundi wamekwenda zao. Niliyebaki kuijua ile sura ni mimi. Nikamwambia asilie, maneno ambayo picha ile ilipewa kama jina nayakumbuka yote, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale yalipoandikwa. Nilisema kwa kujiamini kabisa. Mdomo wangu umekuwa mwepesi tangu zamani.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana, nimetoka tu kumaliza mafunzo ya ukatibu, na Muyinga hapakuwa na wa kunipa kazi. Mtu akanielekeza Gitega, mtaa wa Shatanya, kwa mama mmoja Mkongomani mwenye sekretaria. Sekretaria kwetu ni chumba cha kuchapia watu karatasi zao: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya msiba, pamoja na zile picha ndogo za kitambulisho na za kuvukia mpaka. Ya Mama Riziki ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la maua. Mbele ya pazia ilikaa kompyuta, aina ile ya zamani yenye kisogo kirefu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni, na ukutani kilipigiliwa kitambaa cha bluu ambacho kila mpigwa picha alikaa mbele yake. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi: kitanda, mbabula ya makaa, masufuria, mtoto. Kwa hiyo mteja akiwa anatuamuru tumwandikie Mheshimiwa kwa herufi kubwa, harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanaokaangwa ilimpitia puani, na mara nyingi alisahau alichotaka kusema akauliza leo kunapikwa nini. Mimi ni Mwislamu, na Mama Riziki alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya na mikesha. Wiki ile ile niliyofika alinunua sufuria ndogo yenye mfuniko mwekundu akaiweka peke yake juu ya rafu. "Hii ni ya Mwaju," akatangaza hadi majirani wakasikia. "Nyama yetu isiingie umu." Nilimpenda kuanzia siku hiyo, ingawa alikuwa mtu mgumu, mwenye kufoka asubuhi na kuomba radhi jioni kwa kukujazia sahani.

Kompyuta yake niliikuta imejaa majina ya ajabu, na kusema kweli niliona aibu kwa niaba yake. Chuoni tulifundishwa kwamba faili hupangwa kwa alfabeti, jina la mtu mbele, tarehe nyuma. Yeye faili moja aliita "mwalimu amenikatalia", nyingine "mtoto sasa amepona", nyingine "ile ya shemeji". Nikamwambia hii siyo kazi, hii ni hadithi ya bibi. "Bon, panga ya kwako tuone," akasema, akarudi kwenye masufuria yake. Nikapanga kila karatasi mpya niliyoichapa mwenyewe, kila herufi na folda yake, najiona mtaalamu. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Itaba. "Mi niko natafuta ile karatasi mulinifanyia," akasema. Nikamuuliza jina, akajibu Ndayizeye. Wasiokaa kwetu waelewe kwamba Burundi baba na watoto wake hawana jina la pamoja, kila mtoto anazaliwa na kupewa la kwake, na nusu ya nchi imepewa majina ya kumshukuru Mungu kwa maneno yale yale. Akina Ndayizeye walikuwa wamejaa. Nikauliza jina la ubatizo, akasema Jean, na akina Ndayizeye wangu karibu wote walikuwa Jean. Nikauliza aliandikiwa lini, akasema wakati wa mvua. Nikawa nafungua barua moja baada ya nyingine, mzee anazisoma juu ya bega langu, anawasikitikia wenyewe mmoja mmoja. Mama Riziki akatoka nyuma ya pazia, mikono ina unga wa muhogo. "Papa, karatasi yako ilikuwa ya nini?" Mzee akasema ni ya yule jirani mwenye ng'ombe aliyekula mihindi yake. Mama akaninyang'anya kibodi, akaandika "mihindi" kwa kidole kimoja, na barua ikatokea. Kumbe ilichapwa kabla sijafika Gitega, ningetafuta kwenye alfabeti yangu mpaka leo. Mzee alipoondoka nikategemea kufokewa, lakini Mama Riziki alivuta kigoda tu akakaa. "Sikiliza, Mwaju. Jina ni ya serikali. We mutu akiwa mbele yako jiulize: huyu akirudi, atasema nini? Ile neno atasema, njo unaandika."

Sikukubali siku ile, na leo bado sikubali kwamba ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa mpango wa kichwa kimoja. Wengi walirudi na maneno mengine kabisa, na Mama Riziki akabaki kukuna kichwa na kuwalaumu kwamba hawajui kusema. Lakini nilizoea, na nikaanza kuona kitu ambacho alfabeti haikunionyesha kamwe. Kumpa mtu jina la namna ile kulikulazimu umtazame, umsikie sauti, umfikirie amesimama tena mlangoni na shida yake. Kila faili ilikuwa mtu anayengojewa. Ndiyo maana alikuwa na folda nyingine, moja tu, aliyoiita "hawarudi". Humo aliwatia waliokufa, waliohama, na wale wapigwa picha ambao walichukua picha zao wakapotelea walikokwenda. Akimhamishia mtu huko alimfutia maneno yake na kumpa namba tu, inayofuata iliyopo. Nakumbuka mama mmoja wa Butihinda, wa wale waliorudi kutoka Tanzania, anayezungumza Kiswahili kilichonyooka hadi unajisikia mshamba. Alipita kutuambia kwamba ile barua ya mumewe isihangaikiwe tena. "Mwenyewe amefariki, mwanangu, hana tena haja nayo." Tulimpa pole na chai. Alipotoka, Mama Riziki akaitafuta faili, iliyoitwa "nipunguzie hapo mwisho", akafuta maneno, akaandika namba, akaisogeza. Nikamuuliza kwa nini asiifute kabisa tupate nafasi. "Nafasi iko," akasema. "Kwa nini nimufukuze? Lakini mutu hatarudi, tena aseme nini?" Sikumwona hata siku moja akifuta mtu.

Papa Riziki alikuwa mchuuzi, anatoa ndagala Uvira na kurudi na vitambaa na sabuni, na nyumbani alikuwapo siku chache tu kila mara. Kabla hujamwona ulimsikia. Alisimama nje ya mlango akapaza sauti, "Batu ba hapa balikufa?", na Mama Riziki akajibu kwa ukali kwamba hatujafa, tunafanya kazi, tofauti na wengine. Chakula cha siku hizo kilikuwa kingine kabisa. Bugali wa muhogo mlaini, sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa vizuri na mawese, na mimi sufuria yangu yenye mfuniko mwekundu ikiletwa mezani kwa heshima kama padri. Papa Riziki alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya juu, na akicheka ulimi ulionekana. Alicheka sana. Baada ya kula nilikaa mbele ya pazia namalizia kuchapa kazi za watu na kuwasikia nyuma yake wakisemezana bei, wakibishana, wakimcheka mtoto. Sikuwa nasikiliza kwa ubaya. Nilikuwa mbali na kwetu, na sauti za watu wanaoelewana zilinitosha. Nikiandika haya namsikia yeye vizuri kuliko ninavyomwona. Hilo ndilo nililopaswa kuligundua mapema, kabla sijampa Riziki ahadi kwenye simu.

Safari yake ya mwisho alihitaji picha kwa ajili ya karatasi ya kuvukia mpaka. Alikuwa na koti lake jeusi, zuri, alilovaa kanisani, akalivaa akakaa mbele ya kitambaa cha bluu. Mama Riziki akashika kamera, mimi nikashika pazia ili mwanga uingie. Kila alipotaka kubonyeza, mumewe alicheka. "Funga mdomo, we baba. Batu ba mpaka habapendi mutu wa kucheka." Akafunga, akafungua, mtoto naye akacheka, tukapoteza picha kadhaa. Mwishowe akajikaza, midomo imebanwa, macho mbele, kama walivyokaa wateja wote. Mama akaziondoa zile zilizoharibika palepale kwenye kamera, kwa sababu kamera ilikuwa ndogo na haibebi picha nyingi, akaiingiza ile moja kwenye kompyuta. Kisha Papa Riziki akavua koti akalitundika kwenye msumari. "Uvira iko joto, koti ya nini? Nikirudi nitaichukua." Mama Riziki akageukia kibodi na kusema kwa sauti, makusudi amsikie, "Huyu akirudi atasema nini?" Akaandika kwa kidole chake kimoja: koti yangu iko wapi. Tulicheka sote, yeye zaidi. Sijui kama kuna kicheko kinachonikera leo kama kile.

Alivuka, akapiga simu mara moja kusema amefika, na baada ya hapo vita vikaingia sehemu zile na simu zikakatika. Wiki za kwanza Mama Riziki aliikasirikia mitandao ya simu. Kisha akaanza kupiga kwa kila mtu, na mimi mbele ya pazia nikawa nasikia upande mmoja tu wa maneno. "Balimuona wapi? ... Nani alimuona? ... We mwenyewe, na macho yako? ... Donc hakuna mutu alimuona." Aliyasema ya mwisho taratibu, kama anayemfundisha mtu kuhesabu. Asubuhi, kabla sijafungua mlango, alikuwa ameshawasha mashine na kuifungua ile picha, anaitazama huku anachambua maharage. Akinisikia alifunga. Chakula kikawa maharage na ndizi, ndizi na maharage, na siku nyingine aliisahau sufuria yangu jikoni ikaungua. Mimi nilikuwa na umri ule wa kudhani huzuni ya mtu mzima ina mwisho wake, kama mvua, kwamba ukivumilia kidogo itakatika. Nilikuwa nangoja imwishe nipate tena sombe.

Kisha ilitokea asubuhi moja kijana alikuja kupiga picha akiwa na shati lililochanika kola. Akasema hawataipokea picha ya namna ile, akatuuliza kama tuna koti la kuazima, maana wapiga picha wengine wanalo. Niliangalia chini. Mama Riziki alikwenda kwenye msumari, akalikung'uta lile koti vumbi, akamvisha kijana mwenyewe, akamfunga na vifungo. Lilimkaa. Riziki, aliyekuwa ameanza kusema sema, akanyoosha kidole, "Papa." Kijana akacheka, na Mama akamwambia kwa ukali afunge mdomo. Kuanzia siku ile koti likawa la kila mtu. Mwenye bega pana, mwenye bega jembamba, mwalimu, mkulima, wote waliingia ndani ya koti lile, wakakaa mbele ya kitambaa kile, wakafunga midomo. Nilidhani amefanya hivyo kwa ajili ya wateja. Sasa nafikiri alitaka kuliona likiwa na mtu ndani.

Mwisho wa kila mwaka, siku za kukaribia Noeli, alikuwa na desturi ya kupitia faili zote na kuhamisha. Mwaka ule nilikaa naye mchana kutwa, yeye anasema mimi nahamisha, kwa sababu macho yalikuwa yanamuuma. "Huyu harudi. Huyu harudi. Huyu, mwache, ana mambo na shamba, atarudi." Tukafika kwenye "koti yangu iko wapi". Kidole changu kikasimama. Mama Riziki hakusema harudi wala hakusema atarudi, aliinuka akaenda kufunua maharage, na aliporudi mimi nilikuwa nimeshashuka kwenye faili inayofuata. Mwezi uliofuata nikapata kazi Muyinga, kisha nikaolewa, na mwaka wangu wa Gitega ukaishia hapo. Tulisalimiana kwa simu miaka yote iliyofuata. Kila mara, mwishoni, nilimuuliza habari za Papa Riziki, naye kila mara alijibu neno moja, "Bado." Hata alipokuwa hoi kitandani alinijibu hivyo. Nilimheshimu kwa hilo bado lake kuliko ninavyoweza kueleza. Nikiwa na shida zangu, nilikuwa najiambia kwamba yuko mwanamke Gitega anayengoja, na mimi ninalalamikia nini.

Kwa hiyo nilikwenda Gitega na neno langu mfukoni. Nilimkuta Riziki mlangoni, msichana mrefu, mama yake kabisa, paji, mashavu, hata namna ya kusimama mkono kiunoni. Chumba ni kile kile na pazia limebadilishwa. Kompyuta ni nyingine, nyembamba, lakini fundi aliingiza ndani yake kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani bila kugusa kitu. Koti lilikuwa bado kwenye msumari, kola imelika. Nyuma ya pazia Riziki alikuwa amenipikia, na nilipoona mfuniko mwekundu umefifia ukawa rangi ya tofali, ilibidi nitafute kitambaa cha kujifutia. "Mama hakukubali mutu aitumie," akasema. Hatukula. Alikuwa na haraka na mimi pia. Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, nikaandika kwa kujivuna kidogo: koti. Mashine ikatafuta, ikajibu kwamba hakuna. Nikaandika "koti yangu", nikaandika "iko wapi", nikaandika "wapi" peke yake, yakaja mambo ya watu wengine, ya mashamba na ya ndugu waliopotea. Nikaandika "balikufa", kwa kukumbuka alivyokuwa akipiga kelele mlangoni. Hakuna. Riziki alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. "Labda Mama aliifuta?" akauliza. Nikamwambia mama yake hakufuta mtu. Na nilipokuwa nasema hivyo ndipo nilipojua iko wapi, na nikatamani nisingekuja.

Nilifungua "hawarudi". Kulikuwa na namba tu, zinashuka na kushuka, barua na picha zimechanganyika. Nikatenga picha, nikatenga wanaume. Nikajaribu kuzipanga kwa tarehe nitafute mwaka wetu, lakini ile mashine ya zamani saa yake ya ndani ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika ilirudi Januari mosi ile ile, na Gitega umeme ulikuwa unakatika kila siku. Picha zote zilikuwa zimepigwa siku moja. Namba nazo zilifuata siku ambayo Mama Riziki alimkatia mtu tamaa, na siku hiyo kwa mumewe hakuna aliyeijua isipokuwa yeye. "Basi tuangalie moja moja, tantine," Riziki akasema, akavuta kigoda kile cha mama yake. "We utamjua tu." Nikabonyeza. Mwanamume, kitambaa cha bluu, koti jeusi, mdomo umefungwa. Nikabonyeza. Mwanamume, kitambaa cha bluu, koti jeusi, mdomo umefungwa. Wa tatu nilidhani ndiye, wa nne nikadhani ndiye zaidi. Nilichokuwa nimebeba miaka yote ile kilikuwa mwanya na kicheko, sauti mlangoni, ulimi unaoonekana. Mdomo ukifungwa, sikuwa na kitu. Nilijitahidi kuufungua kila mdomo kwa mawazo, kumchekesha kila mmoja niliyemwona, na wote wakacheka kicheko chake.

Riziki alikuwa na akili kuliko mimi. Akalitoa koti kwenye msumari, akaniambia baba yake alilivaa kabla ya wote, kwa hiyo tutafute picha ambazo kola bado ni mpya. Tulianza upya, tukawaacha wenye kola iliyochakaa, tukawaweka kando wenye kola nzuri, na kundi likapungua, likapungua, hadi nikaanza kuamini. Lakini picha zilikuwa ndogo, zina ukungu, na mwaka ule wa kwanza pekee koti lilikuwa limeshavaliwa na nusu ya wachuuzi wa soko. Walibaki wengi bado. Riziki akaleta kioo cha mkononi, akawa anatazama uso wake na kutazama nyuso zao, pua kwa pua, sikio kwa sikio, na kwa vile amefanana na mama yake kila kitu hakukuta cha kwake kwa yeyote. "Huyu?" Sijui. "Na huyu? Huyu ana macho mazuri." Sijui, mwanangu. Akakiweka kioo kifudifudi. Ndipo akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Iyi dosie, hawarudi, ni ya batu gani?" Nikamweleza, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kueleza. Akasikiliza hadi mwisho. "Mais kila siku aliniambia bado. Mi nilikuwa naweka sahani yake Noeli. Donc Mama alijua, akamutolea maneno, alafu akaniacha mi niweke sahani." Na mimi nilikuwa nimeambiwa bado, na nilikuwa nimeliegemea neno lile nusu ya maisha yangu. Sijui ni Noeli ipi Mama Riziki alipokaa peke yake mbele ya kioo cha mashine, akajiuliza swali lake, akirudi atasema nini, akaona hakuna jibu, akaweka namba. Alifanya hivyo bila shahidi, kisha akatupikia.

Chai ilipoa mbele yetu. Riziki akaniomba kitu kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Tantine, nichagulie moja. Yeyote. Sema tu ni huyu, mi nitaamini." Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya na mbele yangu alikuwapo mtu mwenye uso mpole, na nilitaka kusema, Mungu anajua nilivyotaka. Nikasema, "Simjui tena, Riziki. Nilimjua, simjui tena." Hakunilaumu. Akazima mashine, akalirudisha koti kwenye msumari, akanipakulia chakula kutoka kwenye sufuria yangu, na tukala. Siku ya kuondoa matanga mezani palikuwa na picha ya Mama Riziki peke yake.

Watu wananiambia huenda picha haikuwamo tena, nisijitese. Ilikuwamo. Tuliwafungua wote, hatukumruka hata mmoja. Kwa hiyo mmoja wao alikuwa yeye. Alitokea mbele ya binti yake, koti lake mwilini, mdomo ameufunga kama alivyoamriwa, akatutazama sote wawili, nasi tukabonyeza tukaenda kwa anayefuata.